Nafasi kama Kufuli: Historia ya Uhifadhi wa Data za Kompyuta na Ulinzi wa Kazi za Kidijitali, 1956–2009

Utangulizi

Historia ya kompyuta imezoeleka kusimuliwa kwa masimulizi mawili yasiyokutana. Ya kwanza ni ya wahandisi walioongeza nafasi ya kuhifadhi data mwaka hadi mwaka. Ya pili ni ya wenye hakimiliki na wanasheria wao waliopambana na wanaonakili. Insha hii inayasoma masimulizi hayo pamoja. Hoja yake ni kwamba, kwa muda mrefu, kazi za kidijitali zililindwa na uhaba wa nafasi kuliko zilivyolindwa na ufundi wowote wa usimbaji. Pale ambapo nakala ilikuwa kubwa kuliko chombo ambacho mtu wa kawaida angeweza kukimiliki, hakuna aliyeona haja ya kufuli. Nafasi ilipokuwa nafuu, makufuli yalibuniwa kwa haraka, yakavunjwa kwa haraka zaidi, na mzigo wa ulinzi ukahamishiwa kwenye sheria. DVD imepewa uzito mkubwa kuliko vyombo vingine kwa sababu mabishano yake yalifika mahakamani katika nchi mbili na kuacha kumbukumbu zilizo wazi.

Kutoka RAMAC hadi disketi

Mnamo Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa 305 RAMAC, pamoja na kitengo chake cha kuhifadhia data, IBM 350, kilichobuniwa San Jose, California, na kundi la wahandisi lililoongozwa na Reynold Johnson. Kitengo hicho kilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, kilihifadhi herufi milioni 5, na uzito wake ulifikia tani moja. Ubora wake juu ya kanda za sumaku ulikuwa mmoja: mtumiaji hakulazimika kupitia kanda nzima ili kuifikia taarifa aliyoihitaji. Mashine hiyo ilikodishwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi, na wakodishaji walikuwa makampuni na idara za serikali. Swali la kunakili halikuwepo, kwani hapakuwa na mahali pa kuipeleka nakala. Programu zenyewe kwa kawaida zilitolewa pamoja na mashine.

Hali hiyo ilibadilishwa na chombo kidogo ambacho hakikukusudiwa kuibadilisha. Mwaka 1971 IBM ilianza kutumia disketi ya inchi 8, iliyobeba takribani kilobaiti 80, ili kupakia maelekezo ya ndani katika mashine zake za System/370. Alan Shugart na David Noble ni miongoni mwa waliohusishwa na kazi hiyo. Ilikuwa zana ya mafundi wa IBM, si bidhaa ya dukani. Hata hivyo, mwaka 1976 kampuni aliyoianzisha Shugart baada ya kuondoka IBM ilitoa disketi ya inchi 5.25, na miaka michache baadaye kompyuta za nyumbani zilikuwa zikiuzwa na viendeshi vyake.

Malalamiko yalikuwa yameanza kabla ya hapo. Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta, akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakitumia programu ya BASIC ya kompyuta ya Altair bila kuilipia. Programu hiyo ilisambaa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa, na mtu mmoja aliweza kuwatobolea wenzake nakala kadhaa kwa jioni moja. Inafaa kukumbuka kwamba barua hiyo haikupendekeza kufuli lolote. Iliwahutubia watu kwa dhamiri zao. Disketi ndiyo iliyowafanya wauzaji waache kutegemea dhamiri.

Kufuli za disketi zilitegemea siri moja ya kiufundi. Programu ya kawaida ya kunakili ilisoma disketi kwa mpangilio uliotarajiwa na mfumo wa kompyuta, na ilipokutana na kitu kisicho cha kawaida ilikiruka au ilikisahihisha. Mchapishaji aliweka kwa makusudi hitilafu fulani kwenye disketi halisi, kisha programu yake ikaamriwa kuitafuta hitilafu hiyo kabla ya kufunguka. Isipoipata, inakataa kufanya kazi. Kampuni ya Vault ya Marekani ilikwenda mbali zaidi: bidhaa yake iliyoitwa PROLOK ilitia alama ya kudumu kwenye uso wa disketi, alama ambayo mashine ya kunakilia isingeweza kuiandika upya.

Kampuni ya Quaid ya Kanada haikujaribu kuiandika alama hiyo. Programu yake iliyoitwa CopyWrite iliihadaa tu kompyuta iamini kwamba alama ipo. Vault ilishtaki, na mwaka 1988 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano nchini Marekani iliamua kwamba CopyWrite ilikuwa na matumizi halali ya kutosha, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ilimruhusu mwenye programu kujitengenezea nakala ya akiba. Hukumu hiyo haitajwi mara nyingi katika historia za ulinzi wa kidijitali, ingawa inastahili: inaonyesha kwamba mwaka 1988 kuvunja kufuli, kwa kitendo chenyewe, hakukuwa kosa. Miaka 10 baadaye jibu la sheria lingekuwa jingine kabisa.

Wakati huo huo soko lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake. Ofisi zilizonunua diski kuu zilitaka programu zikae humo moja kwa moja, si kumtaka karani achomeke disketi halisi kila asubuhi. Makampuni makubwa ya programu za ofisini yaliyaacha makufuli hayo kabla ya muongo kumalizika. Michezo ya kompyuta iliendelea nayo.

CD: chombo kisicho na kufuli

Sony ilipoanza kuuza kicheza CD cha kwanza nchini Japani tarehe 1 Oktoba 1982, diski iliyokuwa ndani yake haikuwa na ulinzi wowote dhidi ya kunakiliwa na kompyuta. Waandishi wa baadaye wameuita huo uzembe wa Philips na Sony. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba shutuma hiyo haina haki. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16 kwa kila mkondo wa sauti, mikondo miwili kwa jumla. Yaani zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika. Kompyuta ya IBM PC XT iliyotolewa mwaka 1983 ilikuwa na diski kuu ya megabaiti 10. Diski nzima hiyo isingetosha kubeba dakika moja ya muziki. Kumweka mlinzi mlangoni pa nyumba ambayo hakuna mwizi awezaye kubeba kilichomo kungekuwa upotevu wa fedha.

Tasnia ya muziki ilielekeza hofu yake kwingine, kwenye kinasa cha kanda ya kidijitali, DAT, kilichotoka Japani mwaka 1987. Kwa msukumo wake Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1992 sheria iliyowalazimisha watengenezaji wa vinasa vya kidijitali kuweka mfumo ulioruhusu nakala kutoka kwenye kazi halisi lakini ukazuia nakala ya nakala. Kompyuta za matumizi ya jumla hazikuingizwa katika sheria hiyo. Pengo hilo lilionekana dogo hadi pale ukandamizaji wa sauti wa MP3, uliotokana na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na washirika wake, ulipoupunguza muziki wa CD mara 11 hivi bila msikilizaji wengi kuona tofauti. Diski kuu zikikua kwa upande mmoja na wimbo ukipungua kwa upande mwingine, uhaba wa nafasi uliolinda CD ulikwisha ndani ya miaka michache. Napster ilipoanza mwaka 1999 ilikuta mlango ulio wazi tangu 1982.

DVD na hatima ya ufunguo uliofichwa

Waliobuni DVD walikuwa wamejifunza. Chombo hicho, kilichoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996 kikiwa na nafasi ya gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja, kilifungwa tangu kuzaliwa kwa mfumo ulioitwa CSS. Data za filamu zilisimbwa. Kila mtengenezaji wa vicheza DVD aliyetia saini mkataba alipewa funguo zake. Na kila diski ilibeba ufunguo wake uliofungwa mara mamia, mara moja kwa kila ufunguo wa kicheza. Sehemu ya diski iliyohifadhi funguo hizo haikuweza kuandikwa kwenye diski tupu zilizouzwa kwa umma, hivyo nakala ya biti kwa biti isingecheza.

Mpango huo ulikuwa na kasoro mbili. Ufunguo ulikuwa na biti 40 tu, urefu uliolingana na kikomo ambacho kanuni za Marekani za wakati huo ziliruhusu kuuzwa nje kwa wepesi. Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi: usalama wa mfumo ulitegemea kanuni yake ya usimbaji isijulikane. Auguste Kerckhoffs alikuwa ameonya tangu mwaka 1883, katika maandishi yake kuhusu usimbaji wa kijeshi, kwamba mfumo wa siri lazima ubaki salama hata adui akiujua wote isipokuwa ufunguo. CSS ilikwenda kinyume cha onyo hilo, tena katika mazingira magumu kuliko ya vita: kufuli, ufunguo na kilichofungwa vilikabidhiwa vyote kwa mtu yule yule aliyekuwa akizuiwa.

Mnamo Oktoba 1999 programu ndogo iitwayo DeCSS ilisambazwa kwenye intaneti. Ilitokana na ufunguo uliopatikana katika programu ya kuchezea DVD ya kampuni ya Xing, ambayo haikuuficha vizuri. Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei aliyekuwa na umri wa miaka 15, alijulikana kama mmoja wa waliohusika; wenzake wawili hawakutajwa majina. Katika majuma hayo hayo Frank Stevenson alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba CSS ingeweza kuvunjwa kwa kompyuta ya kawaida hata bila ufunguo huo.

Kilichofuata kilikuwa kesi. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa Desemba 1996 ulikuwa umezitaka nchi wanachama kutoa ulinzi wa kisheria kwa hatua za kiufundi za wenye hakimiliki, na Marekani iliutekeleza kwa sheria ya Oktoba 1998, DMCA, iliyopiga marufuku kusambaza zana za kuvunjia makufuli. Agosti 2000 Jaji Lewis Kaplan wa New York alilizuia jarida la 2600 kusambaza DeCSS, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Novemba 2001. Huko Oslo matokeo yalikuwa kinyume. Johansen aliachiwa huru Januari 2003, na rufani ya upande wa mashtaka ikashindwa Desemba mwaka huo. Kwa mujibu wa mahakama, aliyeinunua diski kihalali alikuwa na haki ya kuitazama kwa njia aliyoichagua. Kitendo kile kile, juu ya diski ile ile, kilikuwa marufuku upande mmoja wa Atlantiki na haki ya mnunuzi upande wa pili. Hapo ndipo inapoonekana kwamba CSS kama ufundi ilikuwa imekufa, na kilichobaki kikilinda filamu ni mipaka ya mahakama.

Mfumo wa DVD uliigawa pia dunia katika kanda za mauzo, na mgawanyo huo uliigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Tanzania, Kenya na Uganda ziliwekwa katika kanda ya 5, ilhali Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu zilikuwa katika kanda ya 2 pamoja na Ulaya Magharibi. Filamu iliyonunuliwa kihalali Dubai au Muscat, miji ambayo wafanyabiashara wa pwani wameizoea kwa vizazi, kwa mujibu wa kanuni isingecheza katika kicheza cha kanda ya 5. Hapa aliyezuiwa hakuwa mwizi. Alikuwa mnunuzi aliyelipa bei kamili.

Jina lililobaki bila kazi

Mwaka 1999 kampuni za Toshiba, SanDisk na Matsushita zilitangaza kadi mpya ya kumbukumbu iliyotumia teknolojia ya flashi, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Kadi hiyo iliitwa SD, na herufi ya kwanza ilisimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya usalama. Ilikuwa na eneo la siri la kuhifadhia funguo za kazi zenye hakimiliki, na tasnia ya muziki ilitarajiwa kulitumia. Matumizi hayo hayakuenea. Kadi hizo, hasa zile ndogo za simu, ndizo zilizokuja kuwa chombo cha wauza nyimbo wa vibandani katika miji ya Afrika Mashariki, ambako mteja hutoa kadi yake na kurudishiwa ikiwa imejaa muziki. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya ulinzi kimekuwa njia ya usambazaji isiyo na mlinzi, na wengi wanaokitumia hawajapata kujua herufi ile inasimama badala ya nini.

Ulinzi kuhama, na hasara ya nyaraka

Mwaka 2009 ulishuhudia matukio mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Januari, Apple ilitangaza kuondoa ulinzi kwenye nyimbo zilizouzwa katika duka lake la iTunes. Julai, Amazon ilifuta kwa mbali nakala za riwaya ya George Orwell iitwayo *1984* kutoka kwenye visomeo vya Kindle vya wateja walioilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeiweka dukani hakuwa na haki ya kuiuza. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi. Kwa historia ya uhifadhi, jambo lenye uzito ni kwamba kufuli halikuwa tena ndani ya chombo. Lilikuwa kwa muuzaji, na chombo cha mteja kilimtii.

Makufuli ya zamani, kwa upande wao, yaliendelea kufunga baada ya wenyewe kuondoka. Uso wa sumaku wa disketi huchakaa, na viendeshi vyake havitengenezwi tena. Njia pekee ya kuiokoa programu ya mwaka 1983 ni kuinakili, jambo ambalo kufuli lake liliundwa kulizuia. Mwaka 2003, kwa ombi la Internet Archive, Maktaba ya Bunge ya Marekani iliruhusu makufuli ya programu na michezo iliyo katika vyombo vilivyopitwa na wakati kuvunjwa. Kwa baadhi ya kazi hizo ruhusa ilichelewa, kwa kuwa disketi halisi hazikuwa zikisomeka tena. Nakala zilizobaki mikononi mwa wahifadhi ni zile zilizovunjwa kufuli na vijana wa miaka ya 1980, na nyingi bado hufunguka kwa kuonyesha majina ya utani ya waliozivunja kabla ya jina la aliyeiandika programu.