Crusoe na Wasomaji Wake

Tangu Daniel Defoe alipokitoa kitabu cha Robinson Crusoe mwaka 1719, wasomaji hawajapata kuafikiana. Rousseau, mwaka 1762, alitaka kiwe kitabu cha kwanza cha mtoto, ajifunze kujitegemea. James Joyce, akihutubia Trieste mwaka 1912, alimwona Crusoe kuwa mkoloni wa Kiingereza hasa.

Mimi nilikuwa nikiwauliza wanachuo wangu swali moja: merikebu ile ilikuwa ikienda wapi ilipovunjika? Vyungu, mbuzi na shayiri ya kisiwani waliyakumbuka yote; safari, wachache mno. Ilitoka Brazili kwenda Guinea kuchukua watumwa. Na Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani, Crusoe alikwisha kumtoa kwa vipande 60 vya fedha. Alikuja kumjutia shamba lake lilipohitaji mikono.