Jicho Mtini, Bei Kudus

Pemba niliyokulia mimi, kila mtu mzima alikuwa mtabiri wa karafuu. Tangu vitumba vichomoze hadi siku ya kuchuma hupita takriban miezi sita, na miezi hiyo ndiyo ya mahesabu. Bibi yangu, hapo Wete, alikuwa akivuta tawi la chini, akavigeuza vishada kiganjani, kisha akahamia mti wa pili na wa tatu bila kusema neno. Hukumu aliitoa jioni: ama watafutwe wachumaji kutoka Unguja, ama tutachuma wenyewe na majamvi ya kuanikia yatabaki yamekunjwa. Mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja hujaa hadi matawi yakainama, kisha hupumzika. Aliyeijua zamu ya shamba lake alijua kama akope au alipe.

Tajiri wa dukani naye alikuwa na hesabu yake. Alikopesha mchele na nguo kwa rehani ya karafuu zilizo bado mitini, kwa hiyo ilimpasa akisie zao la mtu kabla ya kumpimia hata pishi moja. Mjini Unguja wafanyabiashara waliuziana karafuu ambazo hazijachumwa. Utabiri wenyewe ulikuwa bidhaa.

Mimi ni mwalimu wa historia, na nimeisoma biashara hii kwa muda mrefu. Ninaloliamini ni hili: Wazanzibari tulijifunza kuusoma mti kwa ustadi mkubwa, lakini bei haikukaa mtini.

Mbegu zilitoka visiwa vya Maluku. Wafaransa walizipeleka Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 zikafika Unguja. Sultani Seyyid Said aliona faida, akapanda, na matajiri wa Kiarabu wakapanda nyuma yake kwa jasho la watumwa. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha. Wote waliiona bei nzuri kwa wakati mmoja, wakapanda pamoja, na miti yao ikazaa pamoja. Kufikia miaka ya 1840 bei ilikuwa imeporomoka. Hakuna aliyekuwa amehesabu mashamba ya jirani.

Kisha ikaja tufani ya Aprili 1872. Iliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikaiacha Pemba karibu salama. Hiyo hakuna ambaye angeitabiri. Bei ilipanda, Pemba ikapanda miche kwa wingi, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho chenye sehemu kubwa ya zao.

Waingereza walileta takwimu, tume na sheria. Chama cha Wakulima wa Karafuu kiliundwa mwaka 1927. Mwaka 1936 B. H. Binder aliandika ripoti juu ya biashara nzima; na mwaka 1937 sheria ikakipa chama hicho mamlaka juu ya ununuzi. Waliohesabu yote hayo walisahau mnunuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, chama cha Congress kule India kikawaunga mkono, na India, iliyokuwa mteja mkubwa, ikasusia karafuu za Zanzibar. Serikali ililazimika kufanya mapatano mwaka 1938. Zao lilikuwepo na uzani ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza Bombay itasemaje.

Lakini mteja aliyetuinua na kutuangusha alikuwa Jawa. Katika mji wa Kudus, mwishoni mwa karne ya 19, watu walianza kuchanganya karafuu iliyokatwakatwa na tumbaku, wakapata sigara iitwayo kretek. Viwanda vilikua hadi Indonesia, nchi ya asili ya karafuu, ikawa inainunua kwetu. Katika miaka ya 1970, viwanda hivyo vilipoanza kutumia mashine, fedha za Indonesia ziliijaza hazina ya Zanzibar, kupitia Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, ambalo peke yake ndilo lililoruhusiwa kununua kwa mkulima.

Wakati huohuo Indonesia ilikuwa inapanda, na hapa ndipo moyo wangu unapouma kila ninapofundisha sura hii. Haikupanda kwa siri. Ulikuwa mpango wa serikali wa kujitosheleza, na miche iliyotiwa ardhini mwaka 1973 haikuweza kuzaa kabla ya mwisho wa muongo. Mti wenyewe ulitupa ilani ya miaka saba. Ni utabiri gani wa kilimo wenye nafasi kubwa kuliko hiyo? Ilitosha kujua ekari zilizopandwa Sulawesi na Sumatra, ukaongeza umri wa mti, ukapata mwaka ambao mteja wetu angegeuka mshindani wetu.

Mwaka huo ulifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ya karafuu ilikuwa ikiuzwa nje kwa takriban dola 9,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya dola 1,000. Kutoka Mkoani hadi Konde watu waliacha kupalilia. Wengine walikata miti kwa kuni, wakapanda muhogo. Karafuu zilizosalia zilivuka usiku kwa magendo kwenda pwani ya Kenya.

Mwaka 2011, zao la Indonesia lilipokuwa dogo, bei ilipanda ghafla, na Serikali ikaongeza kwa kiwango kikubwa malipo ya mkulima wa Pemba. Wenye miti mizee isiyokatwa walichuma mara moja. Waliokata walipewa miche, wakaanza kuhesabu upya miaka sita au saba. Kila msimu huwaambia wanafunzi wangu watafute, kabla ya kuitazama mikarafuu ya kwao, ni miche mingapi imepandwa mwaka huo Sulawesi na Madagaska.