Pesa ya Bindo ilirudi kwa nani?

Mwanzoni mwa 1991, Kinshasa ilishikwa na homa ya Bindo Promotion. Mtu aliweka pesa, akaahidiwa kurudishiwa mara kadhaa baada ya majuma machache. Kiwanda hakikuwapo, wala shamba: wa mbele walilipwa kwa pesa ya wa nyuma. Kabla mwaka haujaisha mchezo ulikufa, wengi wakabaki na karatasi tu.

Tuseme serikali ya Mobutu ingeikamata pesa ile na kuigawa, ingawa haikujulikana kwa kurudisha. Kutoka Kinshasa hadi Uvira ni mbali, lakini zaire ilikuwa moja, nayo ilikuwa ikioza. Oktoba 1993 ilitoka zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Aliyepoteza milioni 3 angelipwa zaire moja.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008. Serikali iliwafuata hata waliochota faida mapema. Mwaka 2010 familia ya Jeffry Picower, marehemu, ilikubali kurudisha dola bilioni 7.2. Mfuko wa waathirika ulimaliza malipo Desemba 2024: watu 40,930 katika nchi 127 walikuwa wamepata karibu asilimia 94 ya walichopoteza.

Lakini dola ilikuwa bado dola, na kila mmoja alionyesha makaratasi yake. Familia iliyokimbia Uvira usiku, watoto mgongoni, risiti zimebaki nyumbani, ingeonyesha nini?