Usubi Rungwe: kutoka kipande cha ngozi hadi tone la damu

Mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe na Poroto kwenda Ziwa Nyasa, ikiwamo Kiwira na Mbaka, haiishi kububujika. Penye maji ya kasi ndipo wanapozaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na hatimaye kupofusha. Kwa wilaya yenye vijiji kama Masukulu, kuwahi kuugundua ni jambo kubwa.

Kwa miongo mingi kilichopimwa ni ngozi. Mtaalamu aliinua ngozi ya nyonga kwa ncha ya sindano, akakata kijipande kwa wembe na kukitia kwenye maji ya chumvi. Baada ya saa kadhaa, minyoo michanga iliyotoka ilihesabiwa kwenye hadubini. Kipimo hicho kiliuma, tena kilichelewa: tangu mtu aambukizwe hadi minyoo ionekane kwenye ngozi, mwaka mzima huweza kupita.

Mwaka 1985 watafiti Pedersen na Maegga walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu inzi hao katika bonde la Tukuyu. Miaka miwili baadaye kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya Mectizan. Dawa hiyo huangamiza minyoo michanga, lakini mikubwa huweza kuishi zaidi ya miaka 10, ndiyo maana humezwa mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1991 Edmundo Lobos, Thomas Nutman na wenzao walieleza katika jarida la Science kuhusu protini ya mnyoo huyo, Ov16. Mwili huitengenezea kingamwili kabla minyoo haijaonekana kwenye ngozi. Tone la damu ya kidoleni, likikaushwa kwenye karatasi maalumu, hutosha maabara kuzitafuta.

Kingamwili hizo hudumu miaka mingi, hivyo damu ya mzee haisemi kama aliambukizwa jana au zamani. Ya mtoto husema. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka wapimwe watoto wa chini ya miaka 10, na wenye kingamwili wawe chini ya 0.1%, yaani pungufu ya mmoja kati ya 1,000, kabla ya ugawaji wa dawa kusitishwa.

Uhakika huo haupatikani bila kupima watoto wengi. Mzazi anayekubali mwanawe achomwe kidole anawasaidia majirani wote wa mto uleule. Hadi majibu yatakapothibitisha, dawa inapogawiwa, imezwe.