Nani Anatakiwa Kwenda Darasani?

Nina ujauzito wa wiki 28 na kila mtu hapa Mwanza anataka kunifundisha. Nesi wa kliniki anasisitiza nisikose somo la saa mbili asubuhi, lile linalotolewa kwenye mabenchi kabla ya kupima uzito. Rafiki yangu wa kazini amenitumia tangazo la darasa la kulipia: Jumamosi nne, shilingi laki moja na ishirini, mazoezi ya kupumua, mpira mkubwa wa kukalia, na cheti mwishoni. Cheti cha nini, sijaelewa mpaka leo. Mama yangu, aliyeko Nansio, anapiga simu kila jioni na somo lake ambalo halina ada, ila halina pia kengele ya mapumziko.

Mtu mwenye akili zake angechagua moja akaendelea na maisha. Mimi nikaenda kusoma historia. Nilitaka kujua haya masomo ya wajawazito yalifikaje kwenye ziwa hili, nani aliyaleta, na lipi kati yake limewahi kuokoa mtu. Swali hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, na sababu yake nitaisema.

Tuanze kabla ya mabenchi. Kwa Wasukuma majina yenyewe ni daftari la uzazi. Ukikutana na Kulwa ujue kuna Doto, ni mapacha. Shija ndiye aliyefuata baada ya mapacha. Kashinje alitanguliza miguu. Ita majina kwenye mkutano wa kijiji, utakuwa umesoma rejista ya wodi ya wazazi. Ujuzi ulikuwepo, ulikaa kwa wanawake wazee, na ulirithishwa kwa kusimama kando ya anayejua na kushika anachoshika. Sitaki kuupamba. Damu ikikataa kukatika, mkunga wa jadi hakuwa na la kufanya, na wengi walizikwa. Ila angalia jambo moja: mjamzito aliambiwa miiko yake, ndiyo, lakini mwanafunzi hasa alikuwa mkunga mdogo.

Mwelekeo mwingine ulianzia upande wa kaskazini wa ziwa hili hili. Mwaka 1897, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari wa misheni Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo. Katharine, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwa muuguzi. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, akachapisha dai kwamba hadi asilimia 80 ya Waganda walikuwa na kaswende. Wanahistoria wamelikosoa sana dai hilo, maana buba na magonjwa mengine yanayofanana na kaswende yalihesabiwa humohumo. Lakini lilikuwa limeshafanya kazi yake. Watoto wanakufa, ikasemwa, kwa sababu mama zao wana maadili mabovu na hawajui usafi.

Mwaka 1918 Mengo ikaanzisha shule ya wakunga, iliyopewa baadaye jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana wa Kikristo walifundishwa kuzalisha kisha wakatawanywa kwenye vituo vya uzazi. Cook aliandika hata kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, na mimi kama mla vitabu namvulia kilemba mtu aliyekubali kwamba sayansi hiyo inaweza kusemwa kwa lugha ya wanaoihitaji. Kwa hiyo Mengo ilizaa vitu viwili kwa mpigo: ufundi wa mikono kwa mkunga, na mahubiri kwa mama. Kwa bahati mbaya mahubiri ndiyo husafiri kwa nauli nafuu. Hayahitaji dawa wala maji ya moto. Nikikaa kwenye benchi leo, zaidi ya karne moja baadaye, bado nayasikia: "Akina mama, mbona mnachelewa kuanza kliniki? Akina mama, mbona hamsikii?"

Na lile darasa la Jumamosi nalo lina ukoo wake. Grantly Dick-Read, daktari Mwingereza, alitoa kitabu chake Natural Childbirth mwaka 1933. Hoja yake ni kwamba hofu ndiyo huzidisha uchungu, na mfano wake mkubwa alikuwa mwanamke "wa asili", asiyeharibiwa na ustaarabu, anayezaa kwa utulivu kisha anarudi kwenye shughuli zake. Miaka ya 1950 alisafiri Afrika kumtafuta mwanamke huyo, akaandika No Time for Fear, kilichotoka mwaka 1955. Wakati huohuo Mfaransa Fernand Lamaze alikuwa amekwenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, akarudi Paris na mbinu za kupumua alizozifundisha kwenye kliniki ya chama cha mafundi wa vyuma. Vijito hivyo viwili vimezunguka dunia nzima mpaka vikaingia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi hapa Mwanza.

Yaani nilipe laki na ishirini nifundishwe kuzaa kama mwanamke wa Kiafrika aliyeotwa na Mwingereza. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kama niko sawa.

Tuwe wa haki. Kupumua vizuri kunatuliza, na kutulia si kitu kidogo mtu akiwa leba. Mwenye nafasi na pesa aende, atapata marafiki pia. Tatizo langu ni mahali Dick-Read alipoiweka hofu. Aliiweka kichwani mwa mama, kama takataka ya kufagiliwa. Bibi yangu hakuwa na hofu ya kufundishwa. Alikuwa na hofu ya kuona: aliosha maiti za wanawake aliowafahamu.

Baada ya uhuru tulipata mfano tofauti kabisa wa darasa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wenye vijitabu na kiongozi wa kikundi. Masomo yalikuwa malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu, kifua kikuu. Uzazi haukuwa kiini chake, lakini namna yake naipenda: mkishasikiliza mnajadiliana, mkishajadiliana mnachimba choo. Somo liliisha kwa jembe. Masomo ya uzazi ya kliniki, yaliyoenea vijijini miaka hiyohiyo ya sabini na kuendelea, mara nyingi yaliisha kwa makofi.

Hapa ndipo anapoingia mama yangu.

Kaka yangu alizaliwa mfu mwaka 1986, kwenye zahanati moja ya kisiwani ambayo sitaitaja. Mama alikuwa amehudhuria kliniki mara tano. Masomo yote aliyasikiliza, na hadi leo anaweza kuyakariri: makundi ya chakula, kuchemsha maji, kupumzika mchana, kunyonyesha. Katika mahudhurio yote matano hakutolewa damu hata mara moja. Walipotoka kuzika, nesi alimwambia, "Mama, hukuzingatia tuliyokufundisha." Miaka yote hii amelibeba neno hilo. Anaponifundisha kwenye simu jioni, huwa namsikia mtu anayerudia mtihani aliofelishwa.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Deborah Watson-Jones walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya hapa Mwanza kuhusu kaswende kwa wajawazito. Kundi moja lilikuwa la wanawake 380 waliofika kujifungua bila kuwahi kupimwa kaswende katika ujauzito ule. Kati yao, wale waliokuwa na kaswende kali ambayo haikutibiwa, robo walizaa watoto wafu. Ukichukua watoto wote waliozaliwa wafu katika kundi hilo, watafiti walikadiria kwamba asilimia 51 vilisababishwa na kaswende. Nusu! Kisha wakaangalia wanawake waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya penisilini ya muda mrefu. Hao walijifungua kwa usalama uleule wa wasio na ugonjwa.

Sisemi kwamba hicho ndicho kilichomchukua kaka yangu. Hakuna atakayejua, maana hakuna aliyepima. Ninachosema ni kwamba penisilini haikuwa kitu kipya mwaka 1986, na kipimo cha kaswende kilikuwepo duniani tangu zama za Lambkin. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni maneno. Kanali yule alisimama upande mmoja wa ziwa akazidisha ugonjwa ili awalaumu akina mama, na ulipokuja kuhesabiwa sawasawa upande wa pili, dawa yake ikaonekana kuwa sindano moja ambayo mama hawezi kujichoma mwenyewe hata awe amehudhuria masomo mangapi.

Halafu nikakutana na kisa cha Haydom. Ni mbali na ziwa, ni hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara, lakini sijaona kisa kinachojibu swali langu vizuri kuliko hicho. Kuanzia mwaka 2010 lilienea nchini somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, linalofundishwa kwa mwanasesere wa kuwekewa maji. Msingi wake ni dakika ya kwanza, wanayoiita dakika ya dhahabu: mkaushe mtoto, msugue, akigoma kupumua mpulizie hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika haijaisha. Katika hospitali 8 za Tanzania zilizolijaribu, matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Mwaka huohuo, utafiti wa Haydom peke yake ukaleta habari ya kuchekesha na kuhuzunisha: baada ya darasa la siku moja, wakunga walifanya vizuri sana kwa mwanasesere, na kwa watoto halisi hakukuwa na mabadiliko. Haydom hawakukata tamaa. Walimweka mwanasesere karibu na wodi na kufanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, mwaka mzima. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Darasa lenye thamani kuliko yote ninayotangaziwa, mimi siruhusiwi kuhudhuria. Ni la nesi. Na hata yeye, siku moja na posho yake havitoshi.

Takwimu za nchi zinanisukuma upande huohuo. Utafiti wa Afya na Demografia wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Wapo wanaobishana kuhusu ukubwa wa mporomoko huo. Sasa tazama vichanga wa chini ya siku 28: kutoka vifo 25 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 24. Kimoja tu! Kwa hiyo kama kuna mahali pa kutumia Jumamosi zangu, ni kwa mtoto mchanga kuliko kwa pumzi zangu.

Nikasikiliza somo la benchi upya, nikiwa na masikio mengine. Dalili za hatari: damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, kuvimba uso, mtoto kuacha kucheza. "Ukiona hata moja, wahi hospitali." Kwa miaka mingi mama wa Sengerema aliyesikia sentensi hiyo aliitafsiri kuwa foleni ya kivuko cha Busisi. Mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 za zege juu ya maji. Somo halikubadilika hata neno, ila sasa linatekelezeka. Vivyo hivyo namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura ulioanza kujaribiwa huku Kanda ya Ziwa kabla ya kuenezwa nchini kuanzia 2022. Namba hiyo ina uzito kuliko nusu saa ya kukemewa. Nimeiandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki kwa kalamu nyekundu, na mume wangu nimemfanya aikariri kama sala.

Basi, nimeamua hivi. Kliniki sikosi, mahudhurio yote nane, kwa ajili ya damu, presha, sindano ya pepopunda na vidonge vya SP. Mahubiri nitayavumilia kama kodi. Darasa la Jumamosi nimeliacha, na zile laki na ishirini nimeziweka kando kwa ajili ya gari usiku wa manane na vifaa vya kujifungulia. Kuna muuguzi wa wodi ya watoto njiti aliyekubali kunionyesha, mimi na mume wangu, jinsi ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani na kumkamulia maziwa kwa kikombe. Hilo nitalikimbilia hata kwa miguu.

Wiki iliyopita nilijipa moyo nikamuuliza nesi wa pale ninapotarajia kujifungulia, "Samahani dada, yule mwanasesere wa mazoezi mnaye? Mlimtumia lini mara ya mwisho?" Akaniangalia. "Wewe mwandishi umeanza kunihoji?" Kisha akacheka, akafungua kabati, akamtoa. Alikuwa na vumbi kichwani. Akampangusa kwa kitambaa, akamweka juu ya meza karibu na mlango wa leba, akamwita mwenzake.

Jioni mama akapiga simu. Kabla hajaanza kipindi nikamweleza habari za Mwanza, za wale wanawake 380 na ile sindano. Akaniuliza, "Wewe walikutoa damu?"

"Walinitoa mama. Siku ya kwanza kabisa."

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akasema anakuja na meli ya Jumatatu, atakaa mpaka nijifungue, na safari hii hana cha kunifundisha, anakuja kubeba beseni.