Mashindano ya Punda ya Maulidi ya Lamu

Mashindano ya punda ni mbio za kila mwaka kisiwani Lamu, Kenya, zinazofanyika wakati wa sherehe za Maulidi, katika Mfungo Sita (Rabiul Awwal), mwezi aliozaliwa Mtume Muhammad.

Asili ya sherehe. Maulidi ya Lamu yalipata sifa kupitia Habib Swaleh, sharifu kutoka Komoro aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha na kuwasomesha wanyonge na watumwa waliokuwa hawajafunguliwa mlango wa elimu. Alifariki katikati ya miaka ya 1930. Msikitini husomwa *Simtud-Durar*, maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, kwa matari, na mahujaji kutoka pwani nzima hulizuru kaburi la Habib Swaleh.

Mbio. Mbio si sehemu ya ibada. Ni furaha ya mji inayoizunguka ibada, pamoja na mashindano ya majahazi, kuogelea na bao. Vijana hupanda punda bila tandiko na kuwakimbiza kwenye njia ya ufukweni, watu wakiwa wamejipanga pande zote. Ushindi una heshima kubwa, kwani mpandaji hodari ni yule anayemjua mnyama wake kwa kazi ya kila siku.

Punda na mji. Vichochoro vya mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, havipitishi magari. Mchanga, mawe na saruji hubebwa na punda. Tangu mwaka 1987 mjini pana zahanati ya kuwatibu.

Kwingineko. Huko Kyoto, Japani, hekalu la Kamigamo la dini ya Shinto huendesha mbio za farasi kila tarehe 5 Mei, desturi iliyoanza mwaka 1093 kwa kuomba amani na mavuno mema. Bara ya Afrika Mashariki haikuwa na nafasi hiyo ya kutumia farasi. Kwenye njia ya misafara iliyofika Tabora, mbung'o walieneza nagana, ugonjwa wa mifugo, na farasi wawili wa msafiri Henry Morton Stanley walikufa njiani mwaka 1871. Kwa hiyo pembe za ndovu na vitambaa vilisafiri mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi.

Mnyama huingia katika sikukuu ya watu pale anapobeba maisha yao. Punda wa Lamu wanastahili heshima hiyo, na matunzo yanayolingana nayo mwaka mzima.