Figo mpya: kompyuta inaweza kujua mwili unapoikataa?

Barazani hapa Shella, Malindi, nimeulizwa zaidi ya mara moja: mtu aliyepandikizwa figo akirudi nyumbani, anakula na kutembea vizuri, ana haja gani tena ya kupanda basi hadi Nairobi kupimwa?

Haja ipo. Kinga ya mwili huiona figo ile kama mgeni siku zote, na inaweza kuishambulia miezi au miaka baadaye bila maumivu yoyote. Ndiyo maana dawa za kutuliza kinga, kama takrolimasi, humezwa kila siku. Kipimo cha kawaida ni kreatinini kwenye damu. Ubaya wake, mara nyingi hupanda figo ikiwa imeshaumia, tena hupanda hata kwa kukosa maji mwilini, na joto la kaskazi mnalijua. Ili kuhakikisha, daktari hutoa kwa sindano kipande kidogo cha figo, kikasomwa kwa hadubini. Kanuni za pamoja za kukisoma zilianzia kwenye mkutano wa Banff, Canada, mwaka 1991. Hata hivyo wataalamu wawili bado hutofautiana juu ya kipande kimoja.

Hapo ndipo akili unde imeingia. Mwaka 2022 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza CRANE, programu inayosoma picha za vipande vya moyo uliopandikizwa. Waliijaribu pia kwa picha za Uturuki na Uswisi. Kwa upande wa figo, kundi la Alexandre Loupy la Paris lilitoa iBox mwaka 2019. Hiyo, kwa maoni yangu, ni hesabu za takwimu zaidi kuliko akili unde: hujumlisha utendaji wa figo, protini ya mkojo, kingamwili na matokeo ya kipande, kisha hukadiria kama figo itadumu miaka 3, 5 au 7. Ilitumia data ya wagonjwa zaidi ya 7,000 wa Ulaya na Marekani. Wa Malindi hawakuwamo.

Tena programu hizi haziondoi sindano. Zinasoma kile kilichopimwa tu. Asiyepimwa hazina la kumwambia. Kwa hivyo ukienda kliniki, beba majibu yako yote ya kreatinini pamoja na tarehe zake, hata yale ya maabara ya hapa mjini. Daktari hutazama namba zinavyokwenda, si namba moja ya siku hiyo.